Kimanzi wa Nuu na Jumamosi Niliyomweka Benchi

Ninyi mnaoshika filimbi sasa mmenisumbua na swali moja: Madam, mchezaji mzuri unamjuaje? Nilifundisha mpira wa kikapu katika chuo cha ufundi kule Kitui kwa miaka ishirini na sita, na nikiwajibu haraka haraka nitawadanganya. Siku hizi niko nyumbani Nunguni na maparachichi yangu, baridi ya huku inanitafuna magoti, na muda ninao. Basi acheni niwaeleze habari za kijana mmoja niliyetaka acheze kuliko wote niliowahi kuwataka, na jinsi nilivyomwogopea.

Uwanja wetu ulikuwa wa simiti iliyopasuka. Mpira ukidunda kwenye ufa unaenda unakotaka wenyewe. Wageni walilalamika, lakini sisi tulizikariri zile nyufa kama mtu anavyokariri njia ya kisimani, na Abdi, kapteni wangu, alikuwa anamvuta adui makusudi mpaka kwenye ufa mkubwa wa upande wa kushoto, kisha anamnyang'anya mpira. Abdi alikuwa mfupi, mtoto wa wafanyabiashara wa mifugo waliohamia Mwingi kutoka upande wa Garissa, na ulimi wake ulikuwa mwepesi kuliko miguu yake.

Jioni moja mwanzoni mwa muhula nilikuwa nawaonyesha wageni wa mwaka wa kwanza namna ya kuanguka. Ndiyo, kuanguka hufundishwa. Mtu asiyejua kuanguka huweka mkono mbele, na mkono ndio huvunjika. Nikiwa nimelala chini kwenye simiti, mtu mzima mimi, nikamsikia Abdi akisema:

"Madam, inuka polepole, halafu ugeuke."

Langoni palikuwa na kijana amesimama, amevaa akala za tairi kuukuu na miwani mizito. Kichwa alikiinamisha kidogo, kama watu waliozoea kugonga vizingiti.

"Unatafuta nani?" nikamwuliza.

"Mwenye timu."

"Ndiye mimi."

Akatazama nyuma yangu, labda mwenye timu wa kweli amejificha huko. Kisha akasema, "Nimekuja kucheza."

"Umewahi kucheza wapi?"

"Sijawahi."

"Kwenu ni wapi?"

"Nuu."

"Shuleni mlicheza nini huko?"

"Wengine walicheza voliboli. Mimi nilichunga sana kuliko kucheza."

Nikamwambia asimame chini ya kikapu ainue mkono, asiruke. Akainua. Vidole vikaingia kwenye wavu. Abdi akajishika kichwa. "Wallahi, Madam, huyu tusimwache hata aende kunywa maji."

Jina lake Kimanzi. Alikuwa mwaka wa kwanza, akisomea ufundi wa umeme. Hakuna aliyemwalika, hakuna shule iliyomsifia, alijileta tu kwa miguu yake. Na miguu yenyewe ilikuwa shida, maana raba ya saizi yake hatukuipata Kitui nzima. Ilibidi fundi viatu wa sokoni achukue jozi mbili, azikate, aziunge. Siku aliyomaliza aliniuliza kama zile raba ni za mtu au ni za kuweka dirishani kuvutia wateja.

Mkimpata kijana mrefu, msianze kumfundisha kurusha. Mfundisheni kusimama. Mrefu asiyejua kusimama husukumwa na kila mtu kama mlango usio na komeo. Kimanzi nilimpa kamba aruke, nikamchorea mraba kwa chaki, nikamwambia huo ndio uwanja wake wa mwezi mzima. Wenzake walimcheka. Yeye hakucheka wala hakununa. Alikuja kabla ya wote, akafagia mchanga, akaingia ndani ya mraba wake. Mwezi wake wa tatu, mpira wowote uliokosa kikapu ulikuwa wake. Alikuwa anaushika juu kule peke yake, kama mtu anayechuma papai. Tukashinda mechi nne mfululizo. Mkuu wa chuo, ambaye hapo awali hakujua hata uwanja wetu uko upande gani, akaanza kuja kutazama na kiti chake kimebebwa.

Sasa nifike kwenye kosa langu.

Aliyenifundisha kazi hii ni marehemu Mzee Nzioki. Alikuwa mkali, lakini alikuwa na sheria moja ambayo hakuivunja: mchezaji akisema anaumwa, mwamini mara ya kwanza. Akidanganya umepoteza jioni moja tu. Usipomwamini, hujui utapoteza nini. Sheria hiyo niliijua kama jina langu.

Kimanzi aliniambia mara mbili. Mara ya kwanza alikuja ameshika kifua. "Madam, moyo unapiga vibaya, halafu kuna kitu kinavuta hapa."

Nikamwambia, "Hiyo ni pumzi tu, hujazoea. Ongeza mizunguko minne."

Akaongeza. Mara ya pili nilimwambia vivyo hivyo, na sikumtazama hata usoni, kwa sababu nilikuwa natazama ratiba ya nusu fainali. Mara ya tatu hakuniambia. Watoto wa Nuu hawakuombi kitu mara tatu.

Alhamisi, siku mbili kabla ya nusu fainali, tulikuwa kwenye stoo ya vifaa. Kimanzi alikuwa ameteguka kidole nami nilikuwa namfunga. Vijana walikuwa wanamfanyia mzaha wa mikono yake, maana akizungusha vidole kwenye kifundo cha mkono wake mwenyewe, gumba na kidole kidogo vilipishana vikapitana kabisa. Wakamtaka aonyeshe tena. Sista Mwikali, nesi wa chuo, alikuwa ameleta bandeji. Yeye hakucheka. Aliweka bandeji chini.

"Hii miwani umevaa tangu lini?" akamwuliza.

"Darasa la tatu."

"Baba yako ni mrefu?"

"Alikuwa mrefu kuliko mimi."

"Alikuwa?"

"Alianguka akichimba mitaro ya shamba. Nilikuwa darasa la tano. Hakuumwa. Alianguka tu." Kisha akaongeza kwa sauti ya chini, "Watu walisema amerogwa."

Sista akamwambia Jumatatu atampeleka Machakos kwa daktari wa moyo, kupimwa tu. Kisha akanivuta nje.

"Mwalimu, kuna watu huzaliwa hivi. Urefu huu, vidole hivi, macho haya. Mshipa mkubwa unaotoka moyoni unakuwa dhaifu kama tyubu ya baiskeli iliyozeeka. Unaweza kukaa miaka. Unaweza pia kupasuka siku moja mtu akiruka."

"Una uhakika?"

"Sina. Ndiyo maana apigwe picha ya moyo."

"Lakini Jumamosi tuna mechi."

Sista Mwikali alikuwa mwanamke mpole, anayesalimia hata kuku. Siku hiyo alinitazama mpaka nikaangalia chini. "Asiruke tena kabla hajapimwa," akasema.

Vijana wangu, sikulala vizuri tangu hapo. Chakula kilinishinda. Nilijiambia nesi anaweza kukosea, nikajiambia pia anaweza asikosee. Nilikumbuka ile mizunguko minne na minne mingine. Ijumaa nilienda kwa mkuu wa chuo.

"Mwalimu," akasema, "nesi si daktari. Huyu mtoto anakimbia kila siku na mnamwona mzima. Jumamosi atacheza, Jumatatu mtampima. Haraka ya nini?"

Nikasema nimesikia. Si kwamba nilikubali, nilisema tu nimesikia. Na Kimanzi sikumwambia kitu, maana nilimwogopa. Hilo nalo lilikuwa kosa. Habari mbaya mpe mchezaji mapema, akiwa na mahali pa kwenda kukasirika. Mimi nilimwambia Jumamosi, njiani, kwenye mji wa Salama, basi la chuo likiwa limesimama pembeni na wenzake wananunua ndizi.

"Leo hutacheza," nikasema.

"Nimekosa nini?"

"Hujakosa. Ni ule moyo."

"Ule moyo wewe mwenyewe ulisema ni pumzi tu."

Alikuwa haongei kwa ufidhuli. Alikuwa anakumbuka nilichosema.

Chuo tulichocheza nacho kilikuwa upande wa Makueni, si mbali na hapo. Uwanja wao ulikuwa laini kama meza, na sisi bila nyufa zetu tulionekana wageni kabisa. Hata hivyo vijana walipigana. Mpaka robo ya mwisho tulikuwa nyuma kwa pointi tatu tu. Mkuu wa chuo alikuwa safu ya mbele, akinionyesha Kimanzi kwa kidole. Mashabiki wetu wakaanza kuimba jina lake. Abdi akaja pembeni, jasho linamdondoka kidevuni.

"Madam, dakika mbili. Mbili tu. Asimame hata kama haruki."

Kimanzi alikuwa ameshavua traki yake ya mazoezi. Alikuwa wima, na uwanja mzima ulipomwona wima ukalipuka kwa kelele. Nikamshika fulana kwa nyuma. Mimi mfupi, nimeshika fulana ya mtu ambaye angeweza kunibeba kama kuku. Angetaka kwenda angeenda. Alisimama hapo mpaka filimbi ya mwisho, na mimi sikuiachia ile fulana.

Tulishindwa kwa pointi moja.

Aligeuka akaniambia, taratibu, "Tangu nizaliwe urefu huu umenifaa kitu kimoja tu. Na wewe ndiye umeninyima."

Safari ya kurudi hakuna aliyeongea nami. Jumapili Kimanzi alibeba sanduku akaenda kwao. Jumatatu Sista Mwikali alimsubiri na gari, hakutokea. Simu yake ilizimwa. Na juu ya meza yangu palikuwa na barua kutoka kwa mkuu wa chuo, nijieleze kwa maandishi kwa nini nilikaidi.

Ile barua haikuniogopesha. Kilichoniogopesha ni kwamba sasa yuko Nuu, ana hasira, hakuna anayemchunga, na huko kazi za kijana ni kuinua na kubeba. Jumanne asubuhi nilikuwa nimesimama stendi nikitafuta gari, Abdi akanikuta. Tangu Jumamosi hakuwa amenisalimia.

"Mjomba anaenda Nuu kununua mbuzi," akasema. "Kuna nafasi mbele."

Njiani akaniuliza, "Madam, akipimwa akutwe mzima?"

"Nitawaomba msamaha timu nzima, halafu nitaacha kazi."

"Na asipokuwa mzima?"

Mjomba wake akamwambia kwa Kisomali kitu kifupi. Abdi hakuuliza tena.

Tulimkuta mama yake akipepeta ndengu uani. Mama Kimanzi alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, mwenye kutazama mtu bila kupepesa. Kimanzi hakuwepo, alikuwa ameenda na punda kuteka maji mtoni, huko wanakochimba mchanga mpaka maji yatokee. Nikamwuliza amekwenda lini. Akasema asubuhi. Nikamwuliza kama kwa kawaida hukawia hivyo. Akaacha kupepeta.

"Mwalimu, umekuja na habari gani?"

Nikamweleza yote, pamoja na ile mizunguko yangu minne. Nikiwa naeleza, binti yake Mwende, wa miaka kumi na tatu hivi, alitoka ndani akaniletea maji ya kunywa. Alikuwa tayari amenipita urefu. Nilipopokea kikombe niliona vidole vyake, na miwani yake imefungwa kwa uzi, nikakiweka kikombe chini.

Mama aliona ninachoangalia.

"Baba yao alianguka shambani," akasema. "Ndugu yake wa kumfuata alianguka kwenye baiskeli. Wote warefu, wote hawakufika miaka arobaini. Mchungaji alikuja akaliombea boma. Watu wakaniambia ni mkono wa mtu, na mtu mwenyewe nikamjua." Akaonyesha kwa kidevu nyumba ya ng'ambo ya shamba, yenye mabati mapya. "Yule mama alikuwa rafiki yangu. Tangu mazishi sijakanyaga kwake. Sasa unaniambia ni kitu cha damu?"

"Inawezekana, mama. Sijui. Maombi endeleeni nayo, lakini twende tukautazame huo mshipa."

Akaitazama ile nyumba kwa muda. "Basi inawezekana hakuna mtu aliyetuchukia," akasema, na sauti yake haikuwa ya furaha wala ya huzuni. Ilikuwa ya mtu aliyebeba mzigo kwa muda mrefu na kuambiwa haukuwa wake.

Kimanzi akatokea kwenye njia ya mtoni na punda wawili, mtungi mmoja wa plastiki wa lita ishirini uko begani kwake. Nilipiga kelele. Sijui nilisema nini. Abdi ndiye aliyekimbia, akamnyang'anya ule mtungi, na kwa kuwa Abdi ni mfupi, maji yakammwagikia kichwani. Kimanzi alitaka kucheka, akaniona, akajizuia.

"Mwaitu, mimi niko sawa," akamwambia mama yake.

"Hata baba yako alikuwa sawa," mama akajibu. "Utaenda. Na Mwende ataenda."

Daktari wa Machakos alikuwa dada kijana, nilifikiri ni mwanafunzi. Alimwekea Kimanzi kile kifaa kifuani akiwa anapiga soga na Abdi kuhusu mpira. Kisha soga ikakatika. Akaangalia upande mmoja, akaangalia wa pili, akapima, akapima tena.

"Alicheza mara ya mwisho lini?" akauliza.

"Jumamosi ya wiki iliyopita alikaa benchi," nikasema.

"Nani alimweka?"

Abdi ndiye aliyejibu. "Madam."

Yule daktari hakunipongeza. Alisema tu mshipa umepanuka kupita kiasi, asiruke, asibebe, asikimbilie hata gari, na apasuliwe Nairobi haraka iwezekanavyo. Mwende naye alikuwa na tatizo hilo, ila lake lilikuwa bado mwanzo. Dawa na kupimwa kila mwaka vingemtosha kwa wakati huo.

Kimanzi alinitazama. Nilitarajia aniambie neno. Aligeuza uso ukutani.

Siku ya upasuaji nilikaa na mama yake kwenye benchi la hospitali tangu asubuhi mpaka alasiri. Nimekaa benchi maisha yangu yote, lakini lile lilikuwa refu. Mlango ukifunguka tunasimama wote wawili, ukifungwa tunakaa. Mwishowe akaniambia, "Mwalimu, nieleze huo mchezo, nisiwaze." Nikamweleza kila kitu, mistari, pointi, makosa. Akasikiliza kwa makini, kisha akauliza, "Kwa hiyo watu wazima kumi wanagombania kutia mpira kwenye kapu lisilo na kitako?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Na huo ndio ulikuwa umuue mwanangu." Tukacheka, halafu tukalia, na daktari alipotoka kutuambia Kimanzi ametoka salama alitukuta hatueleweki.

Msidhani kila kitu kilikuwa kizuri baada ya hapo. Kimanzi alirudi chuoni muhula uliofuata amekonda, na kwa karibu mwaka mzima alinisalimia kama unavyomsalimia karani. Abdi alimvuta akawa anaandika pointi mezani, na hata hapo aliniletea karatasi bila kuniangalia. Nilimwelewa. Nilikuwa nimemwokoa, na nilikuwa nimemchukulia kitu alichokipenda. Yote mawili niliyafanya mimi. Ile barua ya kujieleza sikuijibu, na mkuu wa chuo hakuiuliza tena. Mama Kimanzi, nilisikia, alivuka shamba akaenda kwa yule jirani na ndengu kwenye kikapu. Walichoambiana hakuna aliyenieleza, na sikuuliza.

Kwa hiyo mkiniuliza mchezaji mzuri namjuaje, mimi baada ya Kimanzi sikuwa nauliza kwanza anaruka kiasi gani. Nilimwuliza kama kuna mtu kwao aliyeanguka ghafla. Nilimwuliza hivyo tukiwa tunafagia uwanja, bila kumtisha. Na akiniambia kifua kinavuta, filimbi niliiweka mfukoni.

Mwaka huu, baada ya mvua, umeme wa nyumba yangu ulianza kucheza. Nikaulizia fundi. Aliyekuja ni Kimanzi. Ameoa, ana kazi mjini Wote, na bado huinama mlangoni. Alirekebisha nyaya asubuhi yote bila maneno mengi. Alipomaliza nikampa chai, tukakaa mezani. Mimi sikujua niseme nini, na yeye hajawahi kuwa mtu wa maneno.

Katika kile kimya nikasikia kitu kinagonga. Tik, tik, tik, kidogo kidogo. Nikatazama saa ya ukutani, nikakumbuka haina betri. Nikatazama zile nyaya zake.

"Si umeme," akasema. Akajigusa kifua. "Siku ile Nairobi waliniwekea vali ya chuma, mlango wa damu moyoni. Kanisani wakati wa maombi ya kimya watoto wanageuka kunitafuta. Mke wangu anasema hawezi kulala nisipokuwepo, nyumba inakuwa kimya mno." Akazungusha kikombe kwenye vile vidole vyake virefu. "Unasikia, Madam?"

"Nasikia."

Chai yake ilikuwa imekwisha, na alikuwa na kazi nyingine Nunguni sokoni. Nikamwomba akae kidogo. Akakaa, na hatukuongea tena.